Spacio inachemsha kupanda Manyovu tu, tambarare haina shida. Ning'oe thermostati?

#1 Mwanaujiji
Wakuu, salaam. Naomba msaada, na anayebisha abishe kwa sababu.

Gari ni Toyota Spacio, injini 1NZ, otomatiki. Kigoma mjini hadi Uvinza na kurudi, mshale wa joto unakaa chini kidogo ya nusu, hautikisiki. Shida ni barabara ya Mwandiga kwenda Manyovu. Nikiwa na watu na mizigo, nikishaanza ile milima mshale unapanda taratibu mpaka jirani na H, alama ya moto. Nikisimama kidogo au nikianza kuteremka, unarudi wenyewe. Haijawahi kurusha maji nje. Kwenye kidumu cha akiba maji yanapungua kidogo kidogo, lakini chini ya gari sioni tone.

Nimeonana na mafundi watatu. Wa kwanza kasema nitoe thermostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, ni kitu cha nchi za baridi. Wa pili anataka kushusha rejeta aizibue. Wa tatu hata boneti hakufungua, kasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku la injini, imekwenda, niandae hela. Kila mmoja anaapa. Nimsikilize nani, na nitajuaje?

#2 Tumbaku Kavu
Ng'oa. Mimi niko Kaliua na Carina, thermostati ilitoka zamani na sijachemsha tena. Huku Oktoba jua linavyowaka kabla mvua hazijaanza, hicho kidude cha kuzuia maji cha nini? Kazi yake ni kuipasha moto injini kwenye theluji.

#3 Fundi wa Gungu
#2 hapana mkuu, hapo unampoteza mwenzako.

Thermostati kazi yake ni kuishikilia injini kwenye joto lake la kazi, iwe theluji au jua. Ya 1NZ huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, ikikaribia 95 imefunguka yote. Injini ikikaa chini ya hapo, kompyuta inadhani bado haijapata moto, inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Oili inachafuka mapema, silinda zinakulana, na wewe unalalamikia bei ya mafuta tu.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui. Kwenye 1NZ thermostati imekaa upande maji yanapoingia kwenye pampu, na ina milango miwili. Mlango mkubwa unaruhusu maji ya kutoka kwenye rejeta. Mlango mdogo wa nyuma unaziba ile njia ya mkato ambayo maji huzunguka ndani ya injini bila kupita rejeta. Mkubwa ukifunguka, mdogo unafunga. Sasa ukiing'oa yote, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo bila kupozwa. Tambarare hutaona kitu. Mlimani na mzigo ndipo utachemsha kuliko mwanzo. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinakataza kuitoa hata kama gari inachemsha.

Carina yako haijaonja Manyovu. Kaliua ni tambarare, hata baiskeli haichoki.

Mwanaujiji, kabla ya kutoa hela fanya haya, injini ikiwa ya baridi kabisa, asubuhi kabla ya kuiwasha:

Fungua kifuniko cha rejeta. Maji yamejaa hadi shingoni au yako chini? Angalia raba ya kifuniko kama imepasuka au imekakamaa. Kisha bonyeza mpira mkubwa wa juu. Ukiwa mgumu wakati gari imelala usiku kucha, kuna presha isiyotakiwa mle ndani, na hapo maneno ya fundi wa tatu yataanza kuwa na uzito. Ukiwa laini, yeye asubiri.

Ukimaliza, washa gari iache mpaka feni iwake, kisha weka karatasi mbele ya rejeta. Ivutwe igande. Ikisukumwa, feni inazunguka kinyume. Nimeshapokea gari iliyobadilishwa mota ya feni, nyaya zikafungwa kinyume, na mwenyewe alikuwa keshanunua rejeta nyingine.

#4 Kibondo Moja
Naweka kambi hapa. Ya kwangu inachemsha Kasulu–Kibondo.

#5 Binti Nguruka
Fundi umesema vizuri, ila kifuniko umekipitia juu juu mno. Mimi nina Canter ya mzigo na ninaisimamia mwenyewe. Ilichemsha msimu mzima wa mpunga. Tumebadilisha pampu, tumezibua rejeta, mwisho ikaonekana ni kifuniko. Springi yake ilishalegea, kikawa kinaachia maji mapema yanakimbilia kwenye kidumu, na injini ikipoa hakiyarudishi. Mwanaujiji, maji yako yanayopungua bila tone kuonekana chini, anzia hapo. Nunua chenye namba ile ile iliyoandikwa juu ya cha zamani. Usichukue kikubwa eti ndiyo nguvu, utapasua mipira.

Na unaweka nini humo, maji ya bomba au kulanti, ile dawa ya kupozea injini? Maji matupu hayapozi vizuri kama kulanti.

#6 Mwalimu wa Zamu
Dada #5, kuhusu kifuniko uko sahihi kabisa. La mwisho nalirekebisha: maji matupu hubeba joto vizuri kuliko kulanti yoyote. Kulanti inapendwa kwa sababu nyingine. Inazuia kutu, inalinda pampu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Ndiyo maana huchanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Wanaojaza kulanti nzito tupu wakidhani wanaipenda gari, wanaipunguzia uwezo wa kupoa.

Kwa nini kifuniko ni kitu kikubwa: pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya bahari, hapo huchemka kwenye 97 na ushei. Tabora mjini, mita 1,200 hivi, ni 96. Milimani kwa Mwanaujiji ni pungufu zaidi. Injini yake inafanya kazi kati ya 85 na 95, kwa hiyo bila presha ingekuwa pembeni ya kuchemka muda wote. Kifuniko kizima chenye alama ya 1.1, kipimo cha presha, kinaongeza presha kiasi kwamba maji hayachemki mpaka yakaribie 120. Raba ikipasuka, zile nyuzi zaidi ya 20 zote za usalama zimepotea.

Na thermostati inapimwa nyumbani. Ifunge kamba, iingize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka jikoni na kipimajoto. Hapa Tabora maji yakianza kutokota bila hiyo kufunguka, imekufa.

#7 Tumbaku Kavu
Mwalimu kafika, sasa tutapewa na mtihani. Mimi nasema nilichokiona kwenye gari yangu: tangu itoke, sichemshi.

#8 Fundi wa Gungu
#7 huenda iliyotoka ilikuwa imekwama imefunga. Ikikwama, hata ukiitupa utaona nafuu. Ungeweka mpya ungepata nafuu hiyo hiyo, na mafuta ungeokoa.

#9 Nesi Mwandiga
Naona mnasema "fungua kifuniko" na Fundi kasema asubuhi, injini ya baridi. Nawaomba msilipite hilo haraka, kwa sababu ninaowapokea mimi ni waliofungua barabarani.

Maji yaliyo kwenye nyuzi zaidi ya 100 yanakaa kimya kwa sababu yamefungwa. Ukizungusha kifuniko presha inaondoka mara moja, yote yanageuka mvuke yanaruka. Na mtu huwa ameinama, uso uko juu ya rejeta, mkono umenyooka. Kwa hiyo ni uso, shingo, kifua, mkono wa kulia. Wengi si madereva, ni utingo au kijana aliyekimbia kusaidia akapewa kitambaa aambiwe fungua. Kitambaa hakizuii kitu.

Subirini nusu saa, na zaidi kama gari ilikuwa na mzigo. Mpira wa juu ukiwa mgumu au hauushikiki kwa moto, bado. Hata ukipoa, zungusha robo tu mpaka kituo cha kwanza, uso ukiwa mbali, sikiliza pumzi iishe, ndipo ukandamize umalizie.

Mtu akiungua: vua nguo iliyoloa na pete au saa haraka kabla hajavimba, lakini nguo iliyogandia kwenye ngozi iache. Mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Hayo mnayosafiri nayo kwa ajili ya rejeta, tumieni kwa mtu kwanza. Msipake dawa ya meno, mafuta, asali wala yai. Funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, muwahisheni. Uso au macho, hakuna kusubiri kesho.

#10 Mama Asali
Nesi, Mungu akubariki. Hilo la asali nalisema kwa wanangu leo leo, maana sisi wa Sikonge kila kidonda jibu ni asali.

Swali: gari yangu haina mshale, ina kitaa cha bluu asubuhi kinachozimika. Nitajuaje kabla haijafika pabaya?

#11 Mwalimu wa Zamu
Gari ndogo nyingi za Kijapani ziko hivyo: bluu ya baridi, nyekundu ya moto, katikati kimya. Nyekundu ikiwaka umeshachelewa. Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya kompyuta chini ya usukani, kinaonyesha joto kwa namba kwenye simu. Kwa gari kama yako ni pesa iliyokaa pahali pake. Ukijua siku zote inakaa 88 hadi 96, ukiona 103 mlimani unapunguza mwendo mapema.

Tahadhari moja, na mwenye mshale pia asikie. Maji yakiisha kabisa, kihisio kinabaki kwenye hewa, na kinaweza kuonyesha joto la kawaida au hata kushuka ghafla wakati injini inaungua. Hita ikianza kupuliza baridi wakati mshale uko juu, maji hayapo.

#12 Mzee wa Semi
Vijana mnaongelea vipuri tu. Nimeendesha malori njia ya Nzega–Tabora–Urambo wakati bado ni vumbi, na Kigoma nimefika kabla ya lami. Asilimia kubwa ya kuchemsha iko mguuni mwa dereva.

Mwanaujiji, otomatiki yako ukiiacha kwenye D mlimani inahangaika kati ya gia kubwa na ndogo, injini inazunguka polepole huku inavuta mzigo mzito. Pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa injini, injini ikienda taratibu na maji yanaenda taratibu. Zima O/D, yaani gia ya juu kabisa, shusha mpaka 2, acha injini izunguke, punguza spidi. Kupanda kwa haraka kwenye gia kubwa ndiko kunakopandisha mshale. Hizo otomatiki pia zinapoza mafuta ya gia humo humo kwenye tenki la chini la rejeta. Gia ikichemka, inaichemsha na injini.

Na ikishachemka, USIZIME ghafla. Ukizima, pampu imesimama, maji yamesimama, joto lote la hedi linabaki pale pale. Weka N, acha isailensi, yaani iunguruma bila kukanyaga mafuta, zima AC, fungua hita yote ya moto na feni yake mwisho, shusha vioo. Utatoka jasho lakini injini inapona.

#13 Fundi wa Gungu
Shikamoo mzee #12. La gia nakubali kwa mikono miwili. La kutokuzima nakubali nusu.

Kama mshale umepanda lakini maji yapo, hakuna mvuke, mkanda uko salama, fanya kama mzee alivyosema, dakika moja mbili, uone kama unashuka. Ukishuka, sawa. Usiposhuka, au ukiona mvuke, au kitaa chekundu, au umesikia harufu tamu ya kulanti inayoungua, toka barabarani uzime HAPO HAPO. Isailensi bila maji ni kuipinda hedi kwa hiari. 1NZ ni aluminiamu juu na chini, haina subira kama ya zamani yenye bloku la chuma. Ukishazima, rudisha swichi bila kuwasha injini. Kwenye gari nyingi za feni ya umeme, kama joto bado liko juu, feni itaendelea kuzunguka.

#14 Mzee wa Semi
Marahaba. Mimi nilikuwa naongelea dizeli za feni ya mkanda. Hizo ukizima, feni nayo imekufa. Lakini hata kwa ndogo, nasimamia: kuzima iwe ya mwisho.

#15 Dereva wa Hilux
Kwa wenye Hilux na Land Cruiser: feni zenu zina kile kikombe cha katikati chenye mafuta ya silikoni. Yakivuja au yakizeeka, feni inazunguka legelege, mjini iko sawa, mlimani inakuacha. Injini ya moto ikiwa imezimwa, isukume feni kwa kidole. Ikizunguka mizunguko mingi bila kukwama, kikombe kimekwisha.

Na jamani, chini ya mlima ukisimama, toeni watu, wekeni pembetatu mbele na nyuma, jiwe kwenye tairi. Na mkiondoka, jiwe litoeni barabarani.

#16 Mtoto wa Chumvi
Hakuna aliyegusa maji yenyewe. Mimi wa Uvinza, nasema kwa faida ya wasafiri. Huku kwetu kuna chemchemi za maji ya chumvi, chumvi ya Uvinza mnaijua. Jamaa alichemsha karibu na hapa, akaomba maji, akajaziwa tu bila kuuliza yametoka wapi, akafika Kigoma salama, akafurahi, akayaacha humo. Baada ya muda rejeta ya aluminiamu ikaanza kutoboka vidoa vidoa, na ndani kumekuwa kweupe. Kila anapoziba hapa panatoboka pale.

Dharura weka chochote kilicho safi, injini kwanza. Ukifika mwaga yote, suuza, jaza upya. Hata maji ya visima vya Tabora yana ukoko, angalieni masufuria yenu ya kuchemshia chai mtaona kilichoko ndani ya rejeta.

#17 Binti Nguruka
Kweli. Mimi nakinga ya mvua ya bati, ile iliyonyesha baada ya bati kuoshwa, nachuja, naweka kwenye madumu yenye alama. Na muwe makini mkiagiza "maji ya betri" dukani. Kuna yaliyosafishwa na kuna tindikali, chupa zinafanana. Soma kabla hujamimina.

#18 Mwanaujiji
Asanteni. Nimefanya ya #3.

Mpira wa juu asubuhi ni laini. Rejeta haikujaa hadi shingoni, ilipungua kama vidole viwili. Raba ya kifuniko imepasuka upande mmoja, unaingiza ukucha. Karatasi inavutwa vizuri. Nimetazama oili, kifuniko chake kina utando kidogo wa rangi ya maziwa kwa ndani, hilo limenitia hofu.

Nimenunua kifuniko chenye namba ile ile, nimejaza, nikapanda Manyovu na mzigo, O/D imezimwa kama mzee alivyosema. Mshale umepanda lakini haukufika H, umeishia robo tatu. Si mbaya, si pona.

#19 Mwamba wa Cheyo
Utando wa maziwa = gasketi ya hedi. Fundi wako wa tatu alijua kabla ya kufungua boneti. Usipoteze muda, shusha.

#20 Fundi wa Gungu
#19 taratibu. Utando kwenye kifuniko tu, na gari inaendeshwa safari fupi fupi za mjini, mara nyingi ni unyevu wa hewa. Chomoa kijiti cha oili. Kikiwa safi, na oili haijaongezeka, usihukumu bado. Oili yote ikiwa ya maziwa, hapo simama usiwashe tena.

Kila siku nashushiwa hedi ambazo hazikuwa na kosa. Ukishaishusha hedi nzima, unanunua gasketi, bolti, unaipeleka ichongwe bila sababu, na tatizo la mwanzo bado liko mbele kwenye rejeta linakusubiri.

Mwanaujiji, ile gari ikiwa ya moto kiasi, imezimwa na funguo imetoka, pitisha kiganja karibu na nyavu za rejeta, pande zote. Kuna mahali pa baridi? Na je, lile plastiki la chini ya injini lipo? Na zile sponji za pembeni ya rejeta?

#21 Mwalimu wa Zamu
Nalipigia mstari swali la Fundi la plastiki. Watu wanazitupa kwa sababu zinagonga barabara mbovu. Zile ndizo zinazoilazimisha hewa ipite ndani ya rejeta. Zikiwa hazipo hewa inapita pembeni na chini, njia rahisi. Spidi 80 tambarare hewa ni nyingi, huoni tofauti. Spidi 30 mlimani inaonekana.

Pia angalia kati ya rejeta na ile ya AC iliyo mbele yake. Gari za njia za vumbi, Ulyankulu huko kwenye tumbaku, hujaa mbegu za majani na wadudu, kwa mbele panaonekana pasafi. Oshea kwa maji ya presha ndogo kutokea ndani kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari inalaza yale mapezi.

#22 Tumbaku Kavu
Sasa tumbaku yetu nayo inachemsha magari ya Kigoma?

#23 Kibondo Moja
Tabora mna embe na asali, kuchemsha mtajulia wapi, hamna hata kilima cha kusimamia mbuzi. Njoni mwisho wa reli mjifunze gari.

#24 Mama Asali
Embe zetu hizo hizo ndizo mnazonunua mkishuka na treni usiku. Wewe leta migebuka, mengine tutajadili.

Turudi kwenye gari: kuna mtu alinipa unga wa kumimina kwenye rejeta eti unaziba kuvuja. Mwingine kasema yai. Niweke?

#25 Fundi wa Gungu
Dada, usiweke. Kinachoziba tundu hakijui tundu ni lipi. Kinaziba na mirija myembamba ya rejeta na ya hita. Yai linaoza mle ndani, nimezibua moja, harufu sitaisahau. Kama uko porini na hakuna namna, unga wa dukani wa kiwango cha maelekezo, ufike, kisha utolewe wote.

#26 Nesi Mwandiga
Na kulanti isiachwe kwenye beseni au chupa ya soda. Nyingi zimetengenezwa kwa ethilini glaikoli, ni sumu na ina ladha tamu. Mtoto anainywa, mbwa anainywa. Kiasi kidogo kinaua figo. Mkimwaga gereji fukieni mbali na kisima.

#27 Mtoto wa Chumvi
Nesi, kufukia pia si salama, inashuka ardhini. Ifungwe kwenye dumu lenye alama, irudishwe gereji inayokusanya oili chafu.

Halafu kuhusu rangi ya kulanti: nyekundu, pinki, kijani, bluu, rangi ni ya kiwanda tu, si kitambulisho. Soma aina iliyoandikwa. Ukichanganya aina zisizopatana zinaweza kutengeneza tope. Hujui iliyomo? Mwaga yote, suuza mpaka yatoke meupe, anza upya.

#28 Nesi Mwandiga
Sawa kabisa #27, nimepokea.

#29 Mwanaujiji
Kijiti cha oili ni kisafi. Plastiki la chini halipo, nilinunua gari hivyo. Kiganja: kona ya chini upande wa abiria ni ya vuguvugu, kwingine pa moto. Kiwango cha maji kwenye kidumu tangu nibadili kifuniko hakijapungua.

#30 Fundi wa Gungu
Kona baridi = mirija ya pale imeziba. Mimi nasema rejeta. Hiyo ya plastiki na aluminiamu kuizibua mara nyingi ni hasara, tafuta nyingine.

#31 Binti Nguruka
Maji hayapungui tena baada ya kifuniko, na mshale umeshuka. Kwa nini anunue rejeta? Ile kona inaweza kuwa hewa iliyonasa. Alipojaza aliitoa hewa? Ainue mbele ya gari, hita ya moto, kifuniko wazi tangu ikiwa ya baridi, aache isailensi mpaka feni iwake mara mbili akiongeza taratibu.

#32 Mwamba wa Cheyo
Hewa hukaa juu dada, kona ya chini ina hewa gani? Na gasketi inaweza kuvuja ikiwa na mzigo tu, tambarare haionyeshi kitu. Ndicho anachosema #1 tangu mwanzo: tambarare sawa, mlima hapana. Mpira laini asubuhi hauthibitishi chochote. Kuna dawa ya bluu inayowekwa shingoni mwa rejeta, moshi wa injini ukipita humo inageuka njano. Bila hiyo wote tunakisia.

#33 Mwalimu wa Zamu
Kwa hilo la dawa ya bluu niko na Mwamba. Ila aipime baada ya kupanda mlima, maji yakiwa yamepunguzwa kidogo shingoni yasiguse dawa. Na afungue kwa utaratibu wa Nesi. Mimi bado nasema plastiki la chini kwanza, ndilo la bei nafuu kuliko yote yaliyotajwa.

#34 Mzee wa Semi
Na mzigo upunguzwe. Spacio si Canter.

#35 Mwanaujiji
Plastiki nimelipata kwa waliobomoa gari, nafunga kesho. Thermostati haitoki mpaka ipimwe kwenye sufuria. Dawa ya bluu hapa Kigoma mjini nani anayo? Nalipia.

#36 Fundi wa Gungu
Ninayo. Jumamosi panda Manyovu asubuhi na mapema, uteremke moja kwa moja mpaka gereji, usizime njiani. Leta na kifuniko cha zamani.

#37 Tumbaku Kavu
Mkishapima mrudishe majibu humu, na namba za joto. Ya kwangu bado iko nje.